Nimelala siku nne kisiwa cha Chole, Mafia. Kisima chao kimenibadilisha mawazo kuhusu kiwanja chetu cha ziwani

Binti wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu wa mwisho wa reli, salaam kwenu. Mwakeye kwa ndugu zangu wa Kasulu na Buhigwe.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Mwezi wa kwanza nilikwenda Mafia. Mdogo wangu wa kiume yuko huko kikazi, akawa anaoa, na kwa kuwa mama hawezi tena safari ndefu, nilikwenda kusimama kwa niaba yake. Harusi ikaisha salama. Siku ya kuaga, yeye na mkewe wakaniambia: dada, umetoka Kigoma mpaka huku, usirudi bila kulala Chole.

Naandika kwa sababu tuna kiwanja cha marehemu baba kule Kalalangabo, kinatazama Ziwa Tanganyika, na huu ni mwaka wa tatu tunabishana kifamilia tujenge nini. Mimi nilikuwa upande wa gesti ya ghorofa: vyumba 12, choo kila chumba, pampu inavuta maji ziwani, shimo la choo hapo hapo nyuma ya nyumba. Nimerudi nikiwa siutaki tena mpango ule.

Njia kwanza, maana najua mtauliza. Treni mpaka Dodoma, kisha ile ya umeme mpaka Dar, ambayo inafika Dodoma tangu 2024. Mbagala Rangi Tatu kuna magari ya Nyamisati. Nyamisati unapanda kivuko au boti mpaka Kilindoni, makao ya wilaya ya Mafia. Kilindoni mpaka Utende ni kilomita kama 15. Unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari getini, halafu mashua, na muda si mrefu uko Chole.

Kilichonishangaza mwanzo ni bahari kuondoka. Sisi ziwa letu tukilala lipo, tukiamka lipo. Kule asubuhi mashua inaelea, alasiri imelala ubavu kwenye matope, na kina mama wanatembea pale pale palipokuwa na kina, fimbo mkononi, wanatafuta pweza. Kila kitu kinapangwa kwa maji kujaa na kupwa, hata saa ya kula. Siku ya kwanza iliniudhi. Siku ya tatu nilikuwa namuuliza mtoto yeyote ninayekutana naye, "maji yakoje?" kabla hata ya kumuuliza jina.

Chole hakuna gari. Ni vijia vya mchanga, minazi, miembe, na kishindo cha mafundi wanaotengeneza majahazi ufukweni. Kwenye miti mikubwa wananing'inia popo wala matunda, wakifungua mabawa unadhani ni kunguru. Jua likizama wanaondoka kwa mamia kuvuka kwenda kisiwa kikubwa kula. Hakuna anayewarushia jiwe. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini, akasema, "Wametukuta au tumewakuta, sote tunakaa."

Halafu kuna magofu. Chole ilikuwa mji mkuu wa Mafia nzima enzi za Waarabu wa Oman, kisha Wajerumani wakaikuta hivyo hivyo, mpaka 1913 walipohamishia makao Kilindoni kwa sababu ya kina cha kutia nanga. Ng'ambo kidogo, kisiwa cha Juani, kuna Kua, mji wa zamani zaidi, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kule Kua nilikwenda nusu siku, misikiti na jumba la mtawala vyote vimesimama vipande vipande msituni. Lakini magofu ya Chole ndiyo yaliyonikamata. Mizizi ya miti imeshuka juu ya kuta za matumbawe, imeshikana na mawe, huwezi tena kusema ni mti unaobeba ukuta au ukuta unaobeba mti.

Mashamba ya minazi ya mabwana wale yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Mimi ni mtu wa Ujiji. Nimekulia pale misafara ilipofungia mizigo kwenda Tabora na kushuka pwani. Niliposimama kwenye ukuta ule, nikaweka mkono kwenye jiwe, sikuweza kuondoka haraka. Mjukuu wa mwenye nyumba aliyekuwa ananitembeza alisubiri, hakusema neno. Namshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kwake.

Jina la gesti silitaji, sitaki uzi ugeuke tangazo. Ni vyumba vinne tu, ni mali ya familia ya hapo hapo. Kuta za mawe na udongo, paa la makuti, madirisha ya mbao bila vioo, neti nzuri, mikeka ya ukili iliyosukwa na kina mama wa kijijini. Umeme wa sola: taa mbili, sehemu ya kuchaji simu, basi. Feni hakuna. Nilidhani nitateseka, ila nyumba imeelekezwa kwenye upepo wa kaskazi na paa liko juu, joto halikai. Chumba kwa usiku mmoja kilikuwa karibu mara tatu ya gesti nzuri ya Kigoma mjini. Nilinung'unika nilipolipa, nilipoondoka sikunung'unika.

Sasa kisima, ambacho ndicho kilichonifanya nianzishe uzi.

Jioni ya kwanza, vumbi la safari nzima mwilini, nilioga ndoo mbili nikaosha na nywele. Alfajiri nikaomba maji tena. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, hakunikatalia. Akaniambia, "Njoo mwanangu, tukachote wote." Tukaenda na kijia mpaka kisimani. Akashusha ndoo polepole, akaivuta polepole, akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Akaniambia nionje. Maji matamu. Ndipo akanieleza: kisiwani mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichota kwa kiasi unapata matamu. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini, na inaweza kukaa muda mrefu kabla haijashuka. "Ukikikimbiza, kinakupa bahari," alisema.

Wakati wa kujenga, watoto wake walitaka vyumba kumi. Yeye akawauliza, kisima kinatosha watu wangapi, na majirani wanaochota hapo hapo tunawaweka wapi? Wakahesabu kisima kwanza, vitanda baadaye. Ndiyo maana vyumba ni vinne.

Vingine vyote vinatoka kwenye hesabu hiyo. Hawana choo cha kuvuta maji, kwa sababu kingekula maji ya kisima na kuyarudisha chini yakiwa uchafu, na chini ndiko kisima kilipo. Wana choo kikavu, kisichotumia maji: ukimaliza unatupia majivu. Maji ya kuogea yanatoka kwenye ndoo yenye bomba, iliyotundikwa, na mtu akishaoga yanaenda kwenye migomba. Sabuni wanakupa wenyewe. Chupa za plastiki wanakuomba uondoke nazo, maana kisiwani hakuna pa kuzipeleka.

Nikarudi na treni nikiwaza. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na linabeba karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Sisi hatuna haja ya kuonja kiganjani. Na sijawahi kusikia mtu Kigoma akiuliza ziwa linatosha vyumba vingapi.

Naomba mawazo yenu, hasa wenye gesti na wenye viwanja ufukweni.

Mgebuka Mkavu

Asante dada, nimesoma mpaka mwisho. Swali: hiyo boti ya Nyamisati ikoje kipindi cha upepo? Mimi ni mtu wa Kibirizi, nimezoea boti za kwenda Kagunga, lakini baharini sijawahi.

Binti wa Ujiji

Mkuu, kaskazi ilikuwa imetulia siku hiyo, tulikaa kama saa nne. Wenyeji wanasema kusi ndiyo kali, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita uliza kwanza. Na uliza saa ya maji kujaa, kwa sababu ndiyo inayopanga saa ya kuondoka. Na suala la kuvaa maboya lichukulie kwa uzito ule ule unaoujua Kibirizi.

Mkazi wa Mwanga

Mleta uzi umeandika vizuri, ila niseme ukweli wa biashara. Chole inapokea watalii wanaokuja kuzamia na kuona papa potwe, wametenga fedha. Mgeni wa Kigoma ni nani? Ni mfanyabiashara wa mawese, ni mtu wa dagaa kutoka Mwanza, ni ndugu kutoka Bujumbura anayesubiri mzigo, ni mtumishi kwenye semina. Huyo ukimwambia achote majivu atupie chooni, anahamia gesti ya jirani. Mimi nina vyumba tisa, naongea nikijua. Mgeni wangu anataka maji ya moto, luninga, na choo kinachovuta.

Usiifungie familia yako mtaji kwa sababu ya kisima cha watu.

Binti wa Ujiji

Kaka, hoja yako naiheshimu na nimeisoma mara mbili. Mgeni unayemsema analala mjini, karibu na bandari na soko. Kalalangabo hawezi kuja, na hata ningejenga ghorofa asingekuja. Anayekuja kule ni anayekwenda au kutoka Gombe, anayetaka kulala anasikia maji. Tangu Jane Goodall alipofika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe, watu wa dunia nzima wanaijua Gombe, lakini wengi wanapita Kigoma kama kituo cha boti tu.

Hata hivyo sijasema kila gesti iwe na choo kikavu. Nakuuliza wewe mwenye vyumba tisa: maji ya choo chako yanaishia wapi? Nauliza kwa nia njema.

Mkazi wa Mwanga

Nina mashimo mawili, na gari la majitaka linakuja likijaa. Niko mlimani, mbali na ziwa. Lakini nakubali, wapo wa chini ambao mvua kubwa ikinyesha ndiyo inayowatolea majitaka.

Nesi Kaskazini

Naomba niingie hapo hapo. Mei 2015 nilikuwa miongoni mwa waliopelekwa kuhudumia wakimbizi wa Burundi. Walifika Kagunga maelfu kwa maelfu, kijiji kidogo kimebanwa kati ya mlima na ziwa, vyoo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwani. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ilikuwa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, nasi tunawapokea wengine hawawezi kusimama. Sijasahau. Tangu siku hizo mtu akiniambia "ziwa ni kubwa, linasafisha lenyewe" naondoka kwenye mazungumzo.

Kuhusu choo kikavu, kinafanya kazi kikisimamiwa. Kinahitaji vyumba viwili chini: kimoja kinatumika, kingine kimefungwa kinakaa, si chini ya mwaka, ndipo unakitoa kama mbolea ya miti, si ya mboga zinazoliwa mbichi. Mkojo na maji visiingie. Kila mtu akimaliza anatupia majivu au majani makavu. Bomba la hewa lipande juu ya paa na liwekewe wavu wa nzi. Likikosekana moja kati ya hayo, kitanuka, na mgeni atakuwa na haki ya kulalamika. Kule Chole kilinuka?

Binti wa Ujiji

Hakikunuka, nesi. Kulikuwa na kapu la majivu na pumba za mbao za mafundi majahazi, na kata ya kuchotea. Lakini kijana mmoja kazi yake ni hiyo, anakiangalia asubuhi na jioni. Umenifungua macho: nilikuwa nahesabu gharama ya kujenga, sijahesabu mshahara wa mtu huyo.

Mtu wa Utende

Mimi ni wa Mafia, nimeupata uzi huu kwa rafiki yangu wa Tabora. Dada amesema kweli kuhusu kisima. Naomba tu msione kisiwa kama picha. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, maji yamekupwa, ndugu wanambeba kwenye matope mpaka mashua iliko. Wageni wanapenda giza na nyota, sisi tungependa taa gatini. Gesti nzuri kwetu ni ile ambayo fedha yake tunaiona: inanunua samaki kwa mvuvi wa hapa, inaajiri watoto wetu, inachangia kijiji. Sola peke yake haitupi kitu. Hifadhi ya Bahari imekuwepo tangu 1995 na faida yake kwa samaki tunaiona, lakini mvuvi aliyezuiwa sehemu yake ya zamani lazima apate mahali pengine pa kula.

Binti wa Ujiji

Nashukuru sana kaka, na nakuomba radhi kama nilipaka rangi. Mwenye nyumba wangu alinisimulia habari ya binti yake aliyevushwa usiku hivyo hivyo. Nilitakiwa kuiandika mwanzoni, nikabaki na yale ya kupendeza. Hilo la mvuvi hata sisi tunalijua: 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwalo wetu uliisikia miezi hiyo mitatu mpaka jikoni.

Mzee wa Miembe

Wanangu, hamjambo. Kuna neno la historia Binti amelikosa, nalo linaunganisha Mafia na Kigoma moja kwa moja.

Januari 1915 Waingereza waliichukua Mafia. Walikuwa wanaiwinda manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege zao zilirukia Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaisha. Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi, wakaigawanya nchi nzima. Mmoja ulipandishwa reli, reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka uliotangulia tu, ukafungwa juu ya Graf von Götzen. Hiyo ndiyo Liemba yetu. Mzinga haukukaa sana, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha meli wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina hili tunalolijua.

Kwa hiyo binti yangu, ulipokuwa Chole ukidhani uko mbali na nyumbani, hukuwa mbali sana.

Binti wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nimepita mbele ya Liemba tangu niko shule ya msingi na hili sikulijua. Nimempigia mdogo wangu Mafia usiku huu huu kumwambia.

Mzee wa Miembe

Marahaba. Na jingine, hili ni la kiwanja. Ukienda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana 1871, utaona ziwa liko mbali, inabidi utembee. Wakati ule maji yalikuwa karibu na pale. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango pekee wa maji kutoka, nao ulikuwa umezibwa na tope na majani. Kuelekea 1878 maji yakapanda mpaka yakaubomoa, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Babu zetu wamelima palipokuwa na samaki. Siku hizi tumeona likipanda tena na kuingia kwenye nyumba za watu. Usijenge kana kwamba ufuko uko pale ulipo leo.

Na ukishajua mlango ni mmoja, na mwembamba, ujue pia unachokitupa humo kinakaa nawe na kwa wajukuu. Maji mengi yanaondoka kwa jua tu, na jua halibebi uchafu.

Mpima Viwanja

Mzee amenirahisishia. Dada, kabla ya mchoro wowote, chukua kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, bahari au kingo za mto. Watu wengi wanapima kutoka maji yalipo kiangazi, halafu maji yakipanda wanajikuta ndani ya mita 20. Pima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, waulize wazee wa kijiji wakuoneshe. Kiwanja chako kina urefu gani kwenda mlimani?

Binti wa Ujiji

Kinapanda mlimani, mkuu. Baba alikuwa na michikichi juu na mihogo chini. Nilikuwa nataka kujenga kule chini kwenye mihogo, kwa sababu ndiko ziwa linakoonekana vizuri.

Mgebuka Mkavu

Juu linaonekana vizuri zaidi dada. Ukiwa juu unaona mpaka milima ya Kongo jioni, na taa za karabai za wavuvi wa dagaa giza likiingia. Chini unaona maji tu.

Mama Mawese

Halafu msiikate hiyo michikichi. Gombe vilima vya pembeni vilikwisha kwa kukata, mpaka 1994 walipoanza mradi wa TACARE kushirikiana na vijiji kupanda miti. Michikichi ya baba yako inashika udongo usiteremke ziwani, inampa mgeni kivuli, na mawese utakayompikia mihogo yatatoka hapo hapo. Mimi nitakuja kukufundisha mpishi wako.

Binti wa Ujiji

Mama Mawese, nimekushika kwa neno hilo.

Mrejesho, wakuu. Jumapili tulikwenda Kalalangabo, mimi, kaka mkubwa na mpwa wetu mmoja. Tulikuwa na kamba ya mita 30, tukaivuta mara mbili kutoka kwenye jiwe ambalo mzee wa jirani alituonesha kuwa maji yalifika. Mita 60 zinapita shamba lote la mihogo na kuishia chini kidogo ya mchikichi wa kwanza. Pale nilipotaka kuweka ghorofa hapafai, hata robo yake.

Tukapanda juu. Penye tambarare, kati ya michikichi, panaingia vyumba vitatu bila kukata mti, labda vinne tukivisogeza. Kaka ndiye aliyekuwa mkali wa ghorofa kuliko sisi wote. Alikaa kwenye kisiki muda, kisha akauliza, "Maji tutayapandishaje huku?" Sikuwa na jibu. Mpwa akasema tuvune mvua kwa paa, tuweke tangi, na tujue tangi moja linatosha watu wangapi kabla hatujanunua kitanda hata kimoja.

Kwa hiyo naomba mwenye uzoefu wa matangi ya kuvuna mvua huku kwetu aniambie: kiangazi cha Juni mpaka Septemba mnakivukaje? Paa lenu lina ukubwa gani, tangi lita ngapi, na mko watu wangapi? Jumamosi narudi tena na fundi.